Kigari cha Baba na Vioo Vilivyofungwa

Mwanangu alipofungua mlango wa gari lake jipya, harufu ilinifikia kabla sijaliangalia vizuri. Ni ile harufu ya viti vipya vilivyopata jua, na petroli kidogo nyuma yake. Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la kutosha mtu na familia isiyo na makuu. Alilileta kutoka Mombasa Jumamosi asubuhi ili nilione, akaniambia niketi mbele kama mkubwa. Mjukuu wangu akaparamia kiti cha nyuma. Kabla hata ya kuwasha injini mwanangu akawasha redio, na humo mlikuwa na watu wanabishana juu ya kodi na wabunge. Akaanza kujibizana nao, mkono nje ya dirisha.

"Wezi, Mama! Hawa watu ni wezi wa mchana! Na bado tunawapigia makofi!"

Wanaume wawili waliokuwa wakipita wakacheka, na mmoja akamwitikia, "Waambie, kijana!" Mimi nilijikuta nimebonyeza kitufe cha dirisha, kioo kinapanda.

"Unasikia baridi, Mama?"

Baridi, Voi, saa sita mchana. Nikamwambia ni vumbi. Kwa kweli mkono wangu ulifanya vile peke yake, na wenzangu wa rika langu hawatahitaji kuelezwa. Tulikulia katika nyumba ambazo redio ilisikilizwa kwa sauti ya chini, na kama kuna la kusema kwa sauti ya juu, dirisha lilifungwa kwanza.

Baba yangu alikuwa hedimasta wa shule ya msingi pale Voi, upande ule ambao treni ya mizigo ikipita vikombe hutetemeka kabatini. Alikuwa mtu mrefu mwenye kelele, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu kilichotajwa kwenye taarifa ya habari. Kwa misimu minne alilima mahindi na maharagwe kule Njukini, shamba la kukodi, akienda kila likizo na kurudi amekonda. Msimu wa nne akarudi na gari. Lilikuwa jipya, dogo, la rangi ya chai ya maziwa, na ilimbidi akunje magoti karibu yafike kwenye usukani. Mji ulicheka wiki nzima. Walisema Mwalimu amenunua sanduku la magurudumu, walisema afadhali angelivaa. Baba alicheka nao. Alikuwa na furaha ambayo haikuweza kukasirishwa, na hivyo ndivyo ninavyopenda kumkumbuka, ingawa haikudumu hata miezi sita.

Aliyelizunguka gari lile mara mbili bila kucheka alikuwa Bwana Righa, rafiki wa baba tangu walipochunga mbuzi pamoja kule milimani. Sasa alikuwa na meza katika afisi ya chama, kile chama kimoja tulichokuwa nacho. Kila Jumapili alikuja kwetu kunywa chai. Alimtania baba, "Hedimasta, hili ni lako au umeazimwa na watoto wa nasari?" kisha akapitisha kiganja juu ya boneti, polepole, toka taa moja hadi nyingine. Nami nilimpenda Bwana Righa. Aliniita "mke wangu mdogo" na hakuwahi kuja bila peremende mfukoni.

Gari lilipotimiza wiki moja, nyanya alituma ujumbe kwamba lipelekwe kwake milimani likatasiwe. Kwa asiyejua mambo yetu Wadawida, kutasa ni hivi: mtu hutamka yaliyo moyoni mwake, huchukua funda la pombe ya miwa au la maji, kisha hulipuliza hewani likawa ukungu, na baraka ikashuka pamoja nao. Lakini kwanza husemwa hasira. Kama ulimkasirikia mtu, unalisema lile jambo waziwazi, mbele ya watu, ndipo upulize. Wazee wetu waliogopa hasira iliyofichwa kuliko walivyoogopa nyoka. Hiyo ndiyo iliyomuuguza mtoto, ndiyo iliyoharibu mimba ya ng'ombe, hata kama mwenye hasira hakumtakia mtu mabaya.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na jambo hili lilimpa taabu kidogo. Akakubali kwa sharti moja, kwamba yawe maji, si pombe. Tukapanda zile kona za kwenda Wundanyi kwa gea ya kwanza, injini ikilia, mama akiwa amefumba macho na mimi nikiwa nimesimama nyuma katikati ya viti viwili. Nyanya alitungoja uani na kibuyu. Majirani walikuwa wamejaa.

"Mwanangu," akamwambia baba mbele ya wote, "nilikukasirikia. Uliona heri ununue gari, na nyumba ya mamako bado inavuja. Nililala na hasira siku nane. Leo nimezitoa."

Akapiga funda, akapuliza. Maji yakatua kwenye boneti, mengine yakamfika baba usoni. Watu wakaitikia. Akapuliza tena upande wa pili, akasema liende na lirudi, lisimuue mtu, lisimfedheheshe mwenyewe. Baba alikuwa anacheka na huku amekumbwa na aibu ya ile nyumba inayovuja. Nami nilimuuliza nyanya baadaye, nikiwa nimeshika kanga yake, kwa nini alimsema baba mbele ya majirani wote. Akaniambia, "Yasiposemwa hadharani, hayajatoka. Hapo ni kuosha gari tu."

Nilikuwa na miaka minane, na nikaliweka neno hilo kichwani kama tulivyoweka jedwali la kuzidisha kwa saba.

Sasa sikiliza jinsi mtoto anavyoweza kujenga nyumba nzima juu ya neno moja. Lile gari lilikuwa na redio nzuri kuliko ile ya nyumbani, ambayo betri zake zilikuwa zinaanikwa juani zaidi ya zinavyotumika. Kwa hiyo saa saba mchana, siku zisizo za shule, baba aliniita: "Njoo tusikize, Wakesho." Tulikaa ndani ya gari uani, yeye mbele, mimi nyuma. Habari zikianza alizungusha vile vishikio mpaka vioo vyote vikafika juu. Joto lilikuwa la kupika mayai. Mapaja yangu yaligandamana na kiti, na nikiinuka yalibanduka kwa uchungu. Ndipo baba alipoanza.

"Waziri amefungua choo! Umesikia? Dakika tano nzima wanatueleza waziri amefungua choo. Na wenye choo hawaruhusiwi kukitumia mpaka wiki ijayo!"

Nilicheka mpaka machozi. Siku nyingine haikuwa ya kuchekesha.

"Chakula kipo cha kutosha, wanasema. Waende Kasigau wakawaambie ndovu. Watu wale wanalima, ndovu wanavuna, na huyu anasema chakula kipo!"

Kisha siku moja ikatangazwa kwamba watu watapiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mtu wanayemtaka. Baba akaupiga usukani mpaka honi ikalia.

"Mtu mzima apangwe mstari kama mtoto anayengoja uji! Mwajiri wake yuko pale anamtazama, chifu yuko pale anaandika! Hiyo si kura, hiyo ni gwaride. Na watakaosimama mstari mfupi ndio watakaoshinda, mtaniambia. Waoga hawa! Wanaogopa karatasi na kalamu!"

Alisema kwa nguvu kiasi cha mate kumtoka. Nikaona matone madogo yametapakaa kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani, yanang'aa juani. Hapo mimi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Baba alikuwa anatasa. Alikuwa anatoa hasira yake, funda kwa funda, kama nyanya.

Ila alikuwa anakosea. Vioo vilikuwa vimefungwa. Hakuna mtu aliyesikia, na nyanya alisema yasiposemwa hadharani hayajatoka. Basi hasira zote zile zilibaki humo ndani ya gari, zimekaa kwenye viti, zimeshikamana na kioo. Kesho yake tulipata pancha njiani kuelekea Ndara. Wiki iliyofuata kuku alikanyagwa. Mimi nilihesabu mambo hayo kwa hofu kubwa. Nilijua linalofuata litakuwa baba mwenyewe, amelala barabarani, kigari kimepinduka. Nilijaribu kumsaidia. Alipoingia nyumbani nilifungua milango yote minne ya gari ili hasira ziondoke, na mama akanichapa kwa sababu mbuzi waliingia humo.

Bwana Righa alikuja siku ya katikati ya wiki, wakati baba yuko kwenye mkutano wa walimu na mama yuko sokoni. Hakuwahi kuja katikati ya wiki. Nilikuwa nafuta gari kwa kitambaa. Akanipa peremende mbili, akaegemea mlango.

"Mke wangu mdogo, Mwalimu hajambo? Siku hizi ananinyima maneno. Zamani tulikuwa tunasikiza habari pamoja. Sasa ananifungia vioo. Amenikasirikia?"

Hilo swali lilinichoma. Kumbe hata rafiki yake alikuwa anaona kwamba kuna hasira.

"Hapana," nikamwambia. "Hajakukasirikia wewe. Amewakasirikia wale wa kwenye redio."

"Anawaambiaje?"

Nikatazama huku na huku. Uani palikuwa wazi, hewa ilikuwa inapita, na mbele yangu alikuwepo mtu mzima, rafiki wa baba, shahidi mzuri kuliko majirani wote wa nyanya. Nikaona hii ndiyo nafasi. Baba ameshindwa kuzitoa, nitamtolea mimi. Nikasimama wima kama tunavyosimama kukariri shairi shuleni, nikayasema yote. Ya choo nikayasema kwa sauti ya baba, na Bwana Righa akacheka sana. Ya Kasigau nikayasema. Ya mstari, gwaride, waoga, karatasi na kalamu, sikuacha hata neno. Nilikuwa na kichwa kizuri cha kushika maneno, kila mwalimu alinisifu kwa hilo. Nilipomaliza nikapuliza hewani, pfuu, nikiwa na peremende mdomoni, na mate mekundu yakatua kwenye boneti.

Bwana Righa hakucheka tena. "Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Lakini sasa yametoka. Baba hana hasira tena."

Akapitisha kiganja juu ya boneti, akaifuta ile peremende. "Gari zuri," akasema. "Dogo, lakini zuri." Akaenda zake. Usiku huo nililala usingizi mtamu ambao sijaupata tena maishani mwangu, na ninasema hivyo bila kutia chumvi.

Haukupita mwezi. Baba aliitwa kwenye kikao, akarudi jioni, akapita moja kwa moja hadi chumbani na viatu vyake. Asubuhi mama alikuwa anafunga sufuria kwa kamba. Baba amehamishwa, si hedimasta tena, ni mwalimu wa kawaida wa darasa la tatu. Anahamishiwa Kasigau. Huko kwenye ndovu aliokuwa amewataja. Mtu fulani kwenye kikao kile aliona hilo ni jambo la kuchekesha, na nimeishi nikijiuliza kama ni Bwana Righa mwenyewe aliyelipendekeza, au kama alikaa tu pale akitabasamu.

Alikuja kutuaga. Alishika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Hii serikali, rafiki yangu, haina shukrani."

Barabara ya Kasigau wakati ule ilikuwa mawe na mchanga kwa zamu. Lori lilibeba vitu vyetu, baba akafuata na kigari, akakataa katakata kukiacha. Kilikuwa kimekaa chini mno kwa njia ile. Mahali fulani jiwe lilipasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na mstari mweusi ukatufuata kwenye mchanga mpaka injini ikakata. Tuliingia kijijini tukiwa tumevutwa kwa kamba nyuma ya lori, baba akiwa ameshika usukani wa gari lisilokwenda, na watoto wa shule atakayofundisha wakiwa wamesimama kando ya njia wanatazama. Hakugeuza kichwa. Nami nyuma yake nilikuwa najiuliza ni hasira gani niliyoisahau kuitaja.

Halikutembea tena. Lilikaa kando ya nyumba ya mwalimu, mlima umelisimamia kwa nyuma. Maji tulibeba kichwani, na bado kila Jumamosi baba alichukua nusu debe akaliosha. Mama alipiga kelele mwanzoni. "Unaogesha maiti na watoto hawajaoga!" Baba hakumjibu, na hilo ndilo lililotutisha. Baba ambaye aliijibu redio, asiyeruhusu waziri amalize sentensi, sasa alikuwa anasemwa na mke wake na ananyamaza. Darasani, walisema, alifundisha vizuri. Mikutanoni aliketi nyuma. Wakati wa ile kura ya mstari alienda, akasimama alipoambiwa asimame.

Jambo moja halikubadilika. Saa saba mchana alichukua redio ndogo ya betri, akaingia ndani ya lile gari, akafunga vioo. Siku ya kwanza nilimfuata mbio kama desturi, nikafungua mlango wa nyuma, nikaketi mahali pangu. Alinitazama kupitia kile kioo kidogo cha juu. Alinitazama muda mrefu. Hakukunja uso.

"Shuka, Wakesho. Nenda ukacheze."

Nilishuka. Nilidhani ananionea huruma kwa joto. Siku ya pili akasema hivyo hivyo, na ya tatu, kwa upole ule ule, na siku ya nne sikwenda. Nilikaa mbali juu ya jiwe, nikamwangalia ndani ya vioo. Mdomo wake haukusogea. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima, akatoka.

Nilikuwa na miaka kumi na minne mama aliponiambia. Tulikuwa tunachambua maharagwe, na mimi nilikuwa nimemlaumu baba kwa jambo, nimesema mwanamume gani huyu anaogopa hata chifu. Mama hakuinua kichwa.

"Siku ile ya kikao walimsomea maneno yake kwenye karatasi. Neno kwa neno. Hata yale ya choo." Akatupa haragwe bovu. "Na yale ya choo hakuwahi kumwambia mtu, isipokuwa waliokuwa ndani ya gari."

Kwa hiyo walijua wote wawili, siku zote. Waliketi na mimi mezani miaka sita wakijua. Baba alinilipia karo, akanisahihishia insha, akanipeleka kituo cha basi nilipokwenda chuo, na hakunigusia hata siku moja. Watu wangesema huo ulikuwa upendo. Huenda. Mimi ningependa angenipiga. Ningependa angelisema mbele ya majirani wote kama nyanya alivyomsema yeye, kisha apulize, tuishe. Aliyefundishwa kwamba hasira iliyofichwa inaua, akafichiwa hasira na baba yake maisha yake yote, atamwambia nini mtu? Nami sikumuomba radhi. Kila mwaka nilisema mwaka huu, halafu akafariki.

Bwana Righa alikuja kwenye mazishi. Alikuwa ameshapata udiwani na kuupoteza, anatembelea mkongojo. Walimpa kipaza sauti kama rafiki wa utotoni. Akaeleza walivyochunga mbuzi, akaeleza ile siku gari lilipofika Voi na mji ukacheka, akalia machozi ya kweli. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilitaka kumnyang'anya kile kipaza sauti. Lakini kumtaja yeye ilikuwa ni kujitaja mimi, kwa hiyo nikamletea maji ya kunywa.

Nayafikiria haya, na mwanangu amezima redio, amezunguka gari lake jipya, na ananitazama kwa lile tabasamu la mtu anayetaka kitu.

"Mama, nasikia nyanyako alilitasia gari la babu. Nitasie na hili. Siku hizi hakuna anayejua ila wewe."

Akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Mjukuu wangu alikuwa bado nyuma, amechomoza kichwa dirishani, ana miaka minane, macho yamemtoka. Tangu asubuhi amekuwa akirudia kila alichosema baba yake juu ya wabunge, neno kwa neno, kwa sauti ya baba yake. Ana kichwa kizuri cha kushika maneno.

Kwanza husemwa hasira. Nilishuka garini, nikashika kikombe. Maneno yalikuwepo yote, yamepangwa, nilikuwa nayo tangu Kasigau. Ningeyasema pale uani, mbele ya mwanangu na jirani aliyeegemea ua, na yangetoka. Nikamgeukia mtoto.

"Shuka," nikamwambia. "Nenda ukacheze."

Alishuka bila kuuliza, kama nilivyoshuka mimi, akaenda kukaa juu ya jiwe na kunitazama. Nikangoja. Mdomo wangu haukufunguka. Nikapiga funda la maji, nikapuliza kwenye boneti, upande mmoja, kisha upande wa pili, na mwanangu akapiga makofi kwa furaha. Yeye hajui kanuni. Sikuwa nimesema neno hata moja. Nilikuwa nimeosha gari tu.